Watoto Wanane wa Kanchule

Kitwe, 14 Septemba 1997

Kwa binamu yangu Kabaso, mwizi wa redio,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana ukifa sijui redio yangu nitamdai nani. Sisi huku hatujambo. Baba, yaani mjomba wako, mguu umeanza kumsumbua tena, lakini mdomo uko salama kabisa. Anashinda barazani akiwakosoa wapita njia mavazi yao. Msalimie shangazi, mwambie mama yako kwamba yale majani ya muhogo aliyonikaushia tumeyamaliza na tunalamba sufuria. Msalimie na mke mwenzangu Mwango. Mwambie bado namwombea, maana alikuchukua yeye mimi nikanusurika.

Redio ile uliyoibeba kwenye msiba mbele ya watu wote, ukisema binamu hamwibii binamu bali anachukua chake, najua inaimba huko porini. Siku yangu itafika. Utani una pande mbili.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Wizara imetuletea karatasi yenye ramani ya nchi, kila mkoa umepakwa rangi yake kuonyesha darasa moja la msingi lina watoto wangapi. Mikoa mingine ni ya njano, mingine kijani, sisi wa migodini tumepakwa nyekundu kama watu wenye surua. Chini wameandika kwamba wastani wa nchi nzima ni watoto hamsini na saba kwa darasa. Nilicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kulikoni. Mimi darasa langu la tatu, zamu ya asubuhi tu, nina watoto mia moja na sita. Wanne wanakaa dirishani, na wale wa nyuma kabisa nawafahamu kwa paji la uso, sijawahi kuwaona videvu.

Juzi mama mmoja alikuja kumtafuta mwanawe mwenye sweta ya kijani. Kumbe mtoto ni wa shule ya jirani, aliingia kwangu kwa makosa mwezi wa tano, akaona pananoga, akabaki. Nilikuwa nimeshamsahihishia madaftari muhula mzima, na ni wa sita darasani.

Haya, niambie ukweli. Wewe huko Kanchule una wangapi?

Binamu yako,
Nkandu


Mpika, 30 Septemba 1997

Kwa Nkandu, mke wangu wa mdomoni,

Nimekuja boma la wilaya kuchukua mshahara, na mshahara haujafika, kwa hiyo nina siku mbili za kukaa kwenye ngazi za posta na kukuandikia. Barua yako nimeikuta imelala hapa tangu wiki iliyopita. Unajua mimi hufika boma mwisho wa mwezi tu, ukiniandikia tarehe mbili unaiandikia kabati.

Sote hatujambo. Mama anakusalimu, anasema majani ya muhogo atakukaushia mengine ukija kuyafuata mwenyewe, yeye si duka. Mwango anasema ahsante kwa maombi, lakini kama una nguvu za kuomba, omba nipate akili. Redio haijambo. Inahitaji betri nne kubwa, tafadhali tuma.

Kijana mmoja wa hapa aliyetoka Kitwe anasema alikuona zahanati umejifunga kitambaa shingoni. Kuna nini?

Unauliza nina watoto wangapi. Wapo. Wanatosha. Mimi nawajua mpaka kwa kikohozi. Nikiwa nimewapa kisogo nikiandika ubaoni, akikohoa mmoja namwambia kaa chini Kapya, na kweli ni Kapya. Wewe na videvu vyako usivyoviona utajua wapi raha hiyo.

Lakini kuna jambo. Ofisini wametuambia kwamba hiyo ramani yenu ilikuwa ya majaribio tu, sasa watapita kuhesabu wenyewe, shule kwa shule, nchi nzima. Shule itakayokutwa na watoto chini ya arobaini siku hiyo itafungwa, na watoto watapelekwa shule ya karibu. Ya karibu kwetu ni Lwamisamba, kilomita kumi na nane, na katikati kuna ule mto unaokula daraja lake kila masika. Nilimwuliza karani kama mtoto wa miaka saba anaweza kwenda na kurudi. Akaniambia karibu ni karibu.

Sisi tuko arobaini na watatu, madarasa manne ndani ya chumba kimoja, na mimi ni mwalimu mkuu, mwalimu wa kawaida na mpiga kengele. Kwa hiyo hatuna wasiwasi wowote. Nimekuandikia tu ujue.

Mumeo asiyetoa mahari,
Kabaso


Kitwe, 19 Oktoba 1997

Kwa Kabaso, mume wa bei nafuu,

Tumepata barua yako, baba amenisomea akiongeza maneno yake kila mstari. Anaendelea vizuri. Anasema umwambie mama yako kwamba yeye ndiye kaka mkubwa na hajaona hata kiwavi kimoja cha kukaanga mezani pake tangu mwaka juzi, wakati dada yake anaishi juu ya ghala la viwavi.

Kijana aliyeniona zahanati aliona vibaya. Nilimsindikiza baba na mguu wake. Kitambaa kilikuwa cha baridi.

Betri sitatuma. Mwizi ajinunulie.

Hapa mambo ni yale yale. Nimeacha kupaza sauti darasani, nagonga mfuniko wa sufuria. Mara moja maana yake nyamazeni, mara mbili fungueni daftari, mara tatu nani ametoka bila ruhusa. Mwalimu wa darasa la nne naye amenunua mfuniko, na ukuta ni wa mbao, basi wanangu wakisikia wake wanafunga daftari, na wake wakisikia wangu wanakwenda chooni. Mwalimu mkuu anasema tukubaliane nani abaki na mfuniko, na hakuna anayekubali.

Tarehe ya hiyo hesabu tumeambiwa. Ni wiki ya tatu ya Novemba, nchi nzima kwa pamoja. Wewe na arobaini na watatu wako mjiandae, mkoge, mkate kucha.

Halafu nikuulize, ile nyumba ya mwalimu wa pili hapo Kanchule, ile aliyoikimbia yule kijana wa Lusaka, bado ina paa? Kuna mtu analala humo? Nauliza tu.

Nkandu


Mpika, 31 Oktoba 1997

Nkandu,

Salamu zote za mama na Mwango zichukulie zimefika, leo sina subira ya salamu.

Novemba. Umeandika Novemba kama mtu anayeandika Jumanne. Wewe umezaliwa mjini, nakusamehe, lakini huyo aliyepanga tarehe hii nchi nzima sitamsamehe. Novemba ndiyo viwavi. Mvua ya kwanza imepiga, chifu amefungua msimu, na Kanchule yote imehama. Watu wamefunga milango, wamebeba sufuria na mbwa, wamekwenda kupiga kambi porini, na watoto wamekwenda nao, kwa sababu nani atapanda juu ya miti ile myembamba, bibi zao? Siwezi kuwalaumu. Gunia moja la viwavi vikavu ndilo sare, ndilo chumvi, ndilo daftari la mwaka mzima. Nikimzuia mtoto asiende kuokota, Januari atarudi kwangu bila kalamu.

Kila mwaka huwa hivyo na kila mwaka naandika mahudhurio hafifu na hakuna anayenipigia kelele. Mwaka huu ndio wanakuja kuhesabu.

Uliniuliza nina wangapi nikakuzungusha, haya sasa nakujibu. Jana asubuhi nilikuwa na wanane. Wawili wana majipu hawawezi kupanda. Mmoja ni mtoto wa mchungaji, baba yake ametoka Malawi na anaona kula viwavi ni mtihani wa imani. Mapacha wa mzee wa kijiji wamebaki kumlinda babu yao asipike peke yake. Kapya ana kikohozi. Mmoja anaogopa viwavi, na mmoja anampenda huyo anayeogopa, ana miaka tisa, anasema atamngoja.

Nimekwenda ofisini kuomba waje Januari. Karani akaniambia tarehe imepangwa Lusaka. Nikamwambia Lusaka hakuna viwavi. Akaniambia ndiyo maana wameweza kupanga.

Nikuambie bila mzaha, naogopa. Ule mto masika ya mwaka juzi ulibeba mbuzi na mwenye mbuzi. Nikifikiria Kapya anauvuka saa kumi na moja alfajiri na kile kikohozi chake, naondoka mezani. Mwango ameacha kunitania, na hilo ndilo linanitisha zaidi.

Paa la nyumba ile lipo. Nyuki pia wapo, ndio wapangaji. Kwa nini unauliza?

Kabaso


Kitwe, 9 Novemba 1997

Kabaso, ndugu yangu,

Najua hii itakukuta mambo yameshapita, lakini siwezi kukaa na barua yako mfukoni bila kuijibu. Baba naye alipomaliza kuisoma alisema hata mgodini walikuwa wanahesabu watu baada ya kutoka shimoni, siyo wakiwa humo ndani.

Nimepiga hesabu. Mimi mia moja na sita, wewe wanane. Jumlisha, gawa kwa mbili. Hamsini na saba. Mimi na wewe ndio wastani wa taifa, binamu. Mtu aliyekaa Lusaka akituangalia kwa pamoja anaona mambo yako sawasawa kabisa.

Ningeweza kukutumia sitini kwa basi, nisingegundua wamepungua mpaka Pasaka. Mjomba wako anashauri uwavishe bibi wote sare, akae mbele mama yako, na mkaguzi akiuliza umwambie huku wanachelewa kuanza shule. Mimi nashauri uwafuate watoto waliko. Chukua ubao uende. Shule ni paa au ni watoto? Mimi nina paa zuri sana hapa na silioni kwa sababu ya vichwa.

Usikubali kuwapoteza hao wanane. Wanane tu. Mimi ningewajua kwa nyayo zao. Ningemsikia kila mmoja anaposoma, na nisingehitaji mfuniko.

Nyuki wanaondoka kwa moshi? Usiniulize kwa nini nauliza.

Nkandu


Kitwe, 26 Novemba 1997

Kwa Kabaso, ambaye hajui kinachomjia,

Sisi hatujambo. Mguu wa baba umepungua uvimbe. Sijasikia lolote kutoka kwako na najua sitasikia mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo naandika gizani. Shule yako imefungwa au haijafungwa, mimi tayari nimeshafanya nilichofanya.

Yule kijana aliniona vizuri tu zahanati. Tangu Agosti sina sauti, Kabaso. Daktari alinichungulia kooni akaita na mwenzake wachungulie pamoja. Miaka kumi na tisa ya kusemea vichwa mia, wakasema, koo limechakaa. Niliambiwa nitafute darasa dogo au nitafute kazi nyingine. Sikukuambia kwa sababu ungenitania, nami nisingekuwa na sauti ya kukujibu. Ndiyo maana baba ndiye anayesoma barua zako. Zamani nilikuwa nazisoma mimi, yeye anacheka.

Mfuniko ulipasuka wiki mbili zilizopita. Sasa namnong'oneza mtoto wa mbele, naye anamnong'oneza wa nyuma yake, na neno linasafiri. Likifika dirishani kengele inalia.

Basi mwezi wa kumi niliandika kuomba uhamisho wa kuja Kanchule. Nilidhani watakataa. Kumbe haijawahi kutokea mtu akaomba kutoka mjini kwenda huko. Ofisi nzima ilitoka kuja kunitazama. Mkubwa mmoja alinishika mkono akasema Mungu atanilipa, kwa sauti ya mtu anayeaga mgonjwa. Wamesaini juzi. Baba anahamia kwa kaka yangu Ndola, watoto wangu wana maisha yao, na mimi Januari nipo kwenye basi.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Ulichukua redio yangu mbele ya watu ukasema binamu haibi. Sawa. Sasa na mimi nachukua darasa lako. Wote wanane, na majipu yao, na Kapya na kikohozi chake, na yule anayependa. Ni haki yangu ya utani na shangazi ni shahidi. Wewe utapiga kengele.

Fukuza nyuki.

Nkandu


Mpika, 29 Novemba 1997

Kwa Nkandu, mshauri wa serikali,

Barua yako ya tarehe tisa nimeipata leo pamoja na mshahara, na nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka mlinzi wa posta akanisogelea. Umeniambia nichukue ubao niende, na wakati huo nilikuwa nimeshauchukua nikaenda. Damu ya babu mmoja.

Mama hajambo, ila ana viatu vya mkaguzi. Nitakueleza.

Jumatatu ya wiki ya hesabu tuliubeba ubao, mimi mbele na Mwango nyuma, na wanane wangu wakafuata, hata wenye majipu. Kambini tuliuegemeza kwenye kichuguu tukaanza. Siku ya kwanza wakaja watoto wangu wa Kanchule baada ya kumaliza kuokota. Siku ya pili wakaja wengine nisiowajua. Nikauliza mnatoka wapi, wakasema Lwamisamba. Nilikuwa nimesahau kwamba viwavi viko upande wetu wa mto, na Lwamisamba nzima huvuka kuja kupiga kambi hapo hapo kila mwaka. Siku ya tatu nilikuwa na darasa mpaka migombani, kama ingekuwepo migomba. Hesabu tulifanya kwa viwavi. Saba kutoa tatu, mtoto anatafuna tatu, anasema nne mwalimu, na anataka swali lingine.

Mkaguzi akafika Alhamisi. Alikuta Kanchule hakuna mtu isipokuwa mama, anaanika viwavi vyake kwenye ngazi ya shule. Bwana huyo anaitwa Nkhosi, Mngoni mtupu kutoka Chipata, ana tai na viatu vinavyong'aa. Mama aliposikia jina tu akafurahi kama aliyepata mgeni wa harusi. Akamwambia, "Karibu, mla panya, kwetu leo hakuna panya."

Yule bwana akajibu kwamba hata yeye hakuja kula nyani wa Wabemba, amekuja kuhesabu watoto, na kama hawapo ataandika hawapo aondoke. Mama akamwambia wapo, wako kazini, twende. Bwana Nkhosi akasema hatembei porini. Basi mama akainama, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavitia kwenye kikapu chini ya viwavi. Angekuwa mtu wa kabila lingine angeita polisi. Mngoni afanye nini mbele ya Mbemba, tena bibi? Utani ni utani. Akakifuata kikapu cha mama kwa soksi, karibu mwendo wa saa nzima, na mama njiani anamhurumia kwa nyimbo.

Nilimwona anatokea nikiwa nafundisha mgawanyo. Hakunisalimu. Alisimama, akatazama kichuguu, akatazama watoto, akaanza kuwagusa kichwa mmoja mmoja akihesabu. Walikuwa mia moja na kumi na sita. Alirudia mara mbili, kwa sababu wadogo walikuwa wanapanda mtini katikati ya hesabu kufuata kiwavi. Kisha akakaa chini, Mwango akampa ugali wa nshima na viwavi vya kukaanga. Alikataa. Akakataa tena. Baadaye nilimwona ananyoosha mkono bila kutazama anakoupeleka, na sahani ikarudi nyeupe.

Leo nimeitwa ofisini. Kanchule haifungwi, Nkandu. Nilishika meza. Nilitaka kumkumbatia yule karani mwenye karibu ni karibu.

Kisha akageuza ukurasa. Bwana Nkhosi siku ya pili yake alikwenda Lwamisamba, akakuta watoto kumi na mmoja na walimu watatu wanacheza bao. Kwa hiyo Lwamisamba ndiyo inayofungwa. Watoto wake wote wanaletwa kwangu Januari. Nitakuwa na mia moja ishirini na saba ndani ya kile chumba. Nikamwambia karani, wale niliowafundisha porini ndio hao hao wa Lwamisamba, mmewahesabu kwangu, hawapo kwao kwa sababu walikuwa kwangu. Akasema hesabu imeshakwenda Lusaka. Walimu watatu wa Lwamisamba wamepangiwa mikoa yenye uhitaji. Mmoja anakuja shule yenu ya Kitwe, mpokee.

Nilipigana watoto wangu wasiuvuke mto, na sasa watauvuka wa wenzangu. Nimekaa hapa kwenye ngazi sijui nifurahi au nilie, nimefanya vyote kidogo kidogo.

Wamesema watanipa mwalimu wa pili, kuna mtu ameomba mwenyewe kuja Kanchule. Jina hawana, karatasi iko njiani. Sijui ni nani, ila ni mpumbavu, Mungu amsaidie.

Kabaso


Mpika, 1 Desemba 1997

Nkandu,

Kabla sijapanda lori la kurudi wameniita dirishani, wakanipa barua yako ya tarehe ishirini na sita. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Kuhusu koo, ningekutania, ni kweli. Halafu ningekuja.

Kuhusu darasa langu, umesema haki ya utani na mimi sina ubishi. Chukua. Barua yangu ya juzi ikikufikia utajua unachukua nini. Umesaini mwenyewe.

Nyuki nitawafukuza.

Mpumbavu mwenzako,
Kabaso


Lwamisamba, 16 Novemba 1998

Kwa Kabaso, mwalimu mkuu wa shule ndefu kuliko zote nchini,

Hii naituma kwa mkono, amepewa Kapya, anayekaa nami siku hizi, akija huko kumwona bibi yake, kwa hiyo usisingizie posta. Kikohozi chake kimekwisha, simjui tena kwa sauti, inabidi nigeuke. Baba ameandika kutoka Ndola. Anasema viwavi vya shangazi vimefika, lakini kwa nini vichache. Mwambie shangazi aendelee kuvaa vile viatu kanisani, vinampendeza, na Bwana Nkhosi hatavidai.

Leo nimekumbuka ile Januari yangu ya kwanza, nimekaa kwenye chumba chako nikiwatazama watoto wa huku wanaingia saa nne asubuhi wamelowa mpaka kifuani, wadogo wamebebwa na wakubwa. Wewe ulinitazama, mimi nikakutazama. Kesho yake nikachukua ufunguo wa Lwamisamba, nikachukua watoto wake, nikarudi nao kwao. Ulipomweleza Bwana Nkhosi kwamba Kanchule ni shule moja, ila darasa la pili liko kilomita kumi na nane kutoka la kwanza, nilijua tumefukuzwa kazi sote wawili. Alisema hajawahi kuona darasa refu namna hiyo, kisha akauliza kama viwavi bado vipo, akasaini. Sijamwita mla panya tangu siku hiyo, au nimemwita mara chache.

Wangu ni themanini na nne. Sauti imerudi nusu, na nusu inatosha, kwa sababu hawa wanasikiliza. Na videvu vyote naviona.

Sasa sikia. Jana usiku ilinyesha. Leo asubuhi nimepiga kengele, nimeingia darasani, na walikuwa wanane. Nimewahesabu kwa kidole kama mjinga. Wanane, Kabaso. Nilikaa nao chini. Nikamsikia kila mmoja akisoma, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna aliyekatizwa. Kitu nilichokiomba kule Kitwe nikiwa nimefunga kitambaa shingoni, nimekipata leo.

Saa nne niligundua kwamba darasa ni kimya mno. Nilikuwa nageuka kila saa kuwatafuta wengine. Mmoja wa hao wanane akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tumeadhibiwa?"

Basi tumeufungua ubao ukutani. Wawili wameushika nyuma, mimi mbele, na tunakuja kambini. Tutauegemeza kwenye kichuguu kile kile. Waambie wanao wasiile hesabu yote kabla hatujafika.

Na redio usiitafute. Nilipita kwako Jumamosi, ukiwa shambani.

Nkandu